Shangazi, mlima ukitapika tena nitashika mkono wa nani?

Jambo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buhene, kaskazini mwa mji wa Goma, na kazi yangu ni kushona. Neema ana miaka 11, Baraka ana 7, na mdogo wao bado ananyonya. Tunakaa na mama mkwe wangu ambaye amepita miaka 70. Magoti yamemshinda, kwenda bombani tu anapumzika mara mbili njiani.

Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021 mume wangu alikuwa safarini Rutshuru. Ilikuwa kama saa moja jioni, nawasha mbabula nipike, nikasikia majirani wanapiga kelele. Nilipotoka, mbingu yote upande wa mlima Nyiragongo ilikuwa nyekundu. Nilimfunga Baraka mgongoni, nikashika kichwa cha cherehani mkono wa kulia na Neema mkono wa kushoto. Mama mkwe wakati huo bado alikuwa anatembea, akatufuata nyuma. Tulipokaribia uwanja wa ndege watu walikuwa wengi mno, wanasukumana. Cherehani kikaanza kuniponyoka. Nikaachia mkono wa kushoto nikishike vizuri. Nilipogeuka, Neema hayupo.

Tulimpata siku ya tatu, Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, kwa mama mmoja aliyemwokota njiani akamlaza na wanawe. Hakuwa na jeraha lolote. Lakini mpaka leo ardhi ikitikisika kidogo anakuja kunishika sketi, na hasemi kitu.

Lava ilisimama nyuma ya kiwanja chetu, ila moto wake uliunguza nyumba yote. Tumejenga tena palepale, mbao na mabati juu ya msingi wa mawe, hatua kama ishirini kutoka kwenye lile jiwe jeusi. Sasa usiku naona tena wekundu juu ya mlima na silali. Wiki iliyopita nilianza kuandaa mfuko wa safari. Mama mkwe akaumwaga wote kitandani, akasema nauita mlima. Nilipomwambia Baba Neema, alisema yeye safari hii haondoki, maana mwaka 2021 walioacha nyumba zao walirudi wakakuta hata milango imebebwa. Mwanaume, anasema, hakimbii ukuta wake.

Shangazi, nitayarishe vipi nyumba yangu bila kugombana na watu wote wa nyumba hiyo? Na ule wekundu, nikiuona nikimbie?

Mama Neema, Buhene

*

Mama Neema, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipoachia mkono. Umeuliza habari za mfuko na za nyumba, lakini naona kinachokunyima usingizi ni mkono ule. Basi nikwambie kwanza: hukumtupa mwanao kwa ajili ya cherehani. Ulikuwa na mizigo mitatu na mikono miwili, gizani, ndani ya umati, peke yako. Siku zile UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na wazazi wao katika mji wetu. Kila mmoja wao alikuwa na mama au baba aliyekuwa anamshika dakika moja kabla. Siku moja, mkiwa wawili tu, mwambie Neema: "Nilikuachia mkono, nikakutafuta siku tatu, na safari hii tumepanga." Ana miaka 11, ataelewa. Anaposhika sketi yako bila kusema, nadhani anangoja neno hilo.

Kwa hiyo tuanze na mikono, mfuko utafuata. Mdogo anafungwa mgongoni. Baraka anashikwa mkono, na mkono huo haushiki kitu kingine chochote, hata kikiwa cha dhahabu. Neema mpe ncha ya kitenge: kifunge kiunoni mwako kwa fundo mbili, na ncha nyingine aizungushe kwenye kifundo chake cha mkono, aishike ndani ya kiganja. Umati ukimvuta, utasikia kiunoni kabla hujageuka. Mimi mwaka 2002 nilivuka mji hivyo na wadogo zangu wawili, na alama ya fundo ilikaa kiunoni wiki nzima.

Wewe ni fundi, kwa hiyo hili unalijua kuliko mimi: kata vipande vya kitambaa cheupe, andika kwa wino usiofutika jina la mtoto, namba ya baba yake na namba ya ndugu mmoja asiyeishi Goma, kisha ushone ndani ya ukosi wa nguo anazovaa kila siku. Neema aikariri namba moja mpaka aweze kuitaja akiwa usingizini. Na mkubaliane mahali pawili pa kukutana, pa kwanza hapo mtaani, pa pili ng'ambo ya mpaka, pawe mahali ambapo watoto wamewahi kupaona kwa macho yao.

Cherehani hakibebwi siku ya kukimbia. Najua ni mkate wa nyumba, na ndiyo maana nataka kiondoke mapema. Kichwa cha cherehani ukikilaza nyuma utaona skrubu mbili kwenye bawaba; zilegeze, ondoa mkanda wa gurudumu, kinatoka mezani. Fanya hivyo siku OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, itakapopandisha rangi ya tahadhari, kipeleke kwa ndugu anayekaa mbali na njia ya lava, na uendelee kushona ukiwa kwake. Rangi unazijua, zinapandishwa mjini: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Mzigo mzito uondoke kwenye njano au machungwa. Ikifika nyekundu wanaondoka watu tu. Kama mlima haukutoa nafasi, mkasi, bobini na futi ya kupimia viko ndani ya mfuko, na kwa vitu hivyo fundi huanza tena hata kwa cherehani cha kuazima.

Nasema "kama haukutoa nafasi" kwa sababu mwaka 2021 haukutoa. Lava ilitoka kabla ya onyo lolote la wazi kutufikia. Kwa hiyo tangazo lisikilize, lakini usilingoje kama unaona moto kwa macho yako.

Sasa ule wekundu. Nyiragongo ni mlima wenye ziwa la lava ndani ya shimo lake la juu, na usiku ziwa hilo linamulika mawingu. Mwaka 2021 lilikauka, baadaye lava ikarudi. Jirani yake Nyamulagira naye ana wekundu wake. Basi mwanga kileleni peke yake usikutoe kitandani. Kinachotakiwa kukusimamisha ni mwanga au moto ulio chini ya kilele, ubavuni, kwa sababu milipuko yote mitatu iliyotuumiza, ya 1977, 2002 na 2021, ilipasua ubavu wa mlima. Vilevile matetemeko yanayofuatana bila kupumzika, au ufa mpya ardhini unaotoa moshi au joto. Ukiona mojawapo, amsha watoto.

Ukiondoka, usikimbie mbele ya lava kuelekea ziwani. Lava inafuata mteremko, na mteremko wetu wote unashuka Ziwa Kivu. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia majini, na mji ukakatika vipande viwili. Walioponea mashariki walikwenda Gisenyi, walioponea magharibi walikwenda Sake. Wewe wa Buhene uko mashariki, kwa hiyo njia yako ya kwanza ni mpakani. Ya pili ni Sake, kama njia bado haijakatwa na agizo ni hilo. Amueni kwa kuangalia moto uko upande gani, msiamue kwa kuangalia wengi wanakwenda wapi. Mjini, kwenye tambarare, lava ya 2002 ilikwenda taratibu kiasi kwamba mtu mzima aliiacha nyuma kwa miguu. Ila juu mlimani ni habari nyingine. Mwaka 1977 ilishuka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa, na ziwa lote la kileleni likamwagika ndani ya muda usiofika saa moja.

Na hapo ndipo namtaka mama mkwe wako.

Usibishane naye kuhusu kuuita mlima. Mwanamke aliyepita miaka 70 katika nchi hii alikuwa msichana mkubwa tarehe 10 Januari 1977. Ameona na 2002, ameona na 2021. Hakuna mtu katika nyumba yako anayeujua mlima huu kama yeye, na nadhani alipoumwaga ule mfuko aliogopa kuliko ninyi wote, kwa sababu anajua magoti yake. Alipouona umefungwa alijiuliza nani atambeba. Kaa naye jioni, watoto wakiwepo, umwombe: "Mama, tuambie mwaka wa sabini na saba mlikimbilia wapi, mlichukua nini, mlisahau nini." Mwache amalize. Kisha mwambie mpango wake yeye, kabla hujamwonyesha mfuko tena.

Mpango wake ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Huko kwenu viazi na makaa vinashuka mjini kila asubuhi kwenye chukudu zinazobeba mamia ya kilo. Mama mmoja mzee si mzigo. Mtafuteni kijana mmoja wa jirani mwenye chukudu imara, mkubaliane naye sasa, mkiwa na akili zilizotulia, na mumpe hata kidogo cha kushika neno. Godoro jembamba likunjwe, lifungwe kwa mpira kwenye ubao, naye akae akiwa ameangalia nyuma, ameshika mpini. Ajaribu mara moja kabla ya siku yenyewe. Mzee akishajua kwamba ana chombo chake, neno la kuuita mlima litapungua.

Baba Neema usiongee naye mbele ya mama yake, wala usimwambie anaogopa au haogopi. Hofu yake ya wezi ina msingi. Wengi walirudi kwenye vyumba vitupu. Mwombe kazi. Mwambie: "Chukudu inahitaji mtu wa kushika breki mteremkoni, na mama hatamwamini kijana wa watu gizani. Nani atakuwa naye?" Mwanaume anayekataa kuacha ukuta huwa hakatai kumshika mama yake. Nyumba yenyewe mpunguzieni thamani mapema: karatasi za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya shule vipigwe picha na kutumwa kwa yule ndugu wa mbali, karatasi zenyewe ziingie kwenye mfuko wa nailoni. Ongeeni na nyumba nne au tano za jirani mjue nani anahamia wapi, ili mkirudi mrudi pamoja. Na mwambie ukweli huu bila kuupamba: lava hailindwi na mtu. Mlinzi wa mlango anaweza kumzuia mwizi, lakini lava ya 2021 ilichukua maelfu ya nyumba, na hakuna hata moja iliyosalia kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Akiwa safarini siku hiyo, kama 2021, sheria iwe moja: hakuna kumngoja, hakuna kurudi nyumbani kutafutana. Kila mtu anakwenda mahali pa kukutana. Simu zitakuwa zimelemewa.

Mfuko uwe mmoja, wa mgongoni, mwepesi kiasi cha Neema kuweza kuubeba akihitajika. Kadi za uchaguzi za watu wazima, maana mpakani mtaulizwa kitambulisho. Dawa za mama mkwe za wiki mbili. Maji, unga wa uji, chumvi ya kutibu kuharisha, vidonge vya kusafisha maji. Tochi, redio ndogo ya betri, barakoa, sweta kwa kila mtoto, kwa sababu usiku wa mita 1,500 ukiwa nje hausameheki. Pesa taslimu katika noti ndogo, franga na dola kidogo kidogo kila mnapoweza. Tangu benki zilipofungwa mjini mwaka 2025 sote tumejua kwamba pesa isiyo mkononi inaweza isiwe yako kwa miezi. Kabla ya kutoka: mwagia maji mbabula, zima umeme, fungulia mbuzi na kuku, toa mfereji wa bati kwenye pipa na ulifunike. Majivu ya mlima yakiingia kwenye maji ya mvua, kuchemsha hakuyaondoi.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu mahali pa kulala, kwa sababu hapa tunapoteza watu ambao moto ulishawaacha. Mazuku unaijua kwa jina. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa mabondeni na kwenye mashimo kama maji yanavyokaa. Alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndipo inakuwa mbaya zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyelala chini hataamka. Basi familia isilale bondeni, wala kwenye shimo la mawe kwa kukwepa baridi, wala mahali mnapoona wadudu na ndege waliokufa. Mkimwona mtu au mbuzi ameanguka shimoni, msishuke kumtoa. Wengi wamekufa wakimfuata wa kwanza.

Ziwani pia msipige kambi. Chini ya Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka, ya kaboni na ya methani, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 2021, gavana alipoagiza mitaa kumi ya Goma ihame, hofu ilikuwa kwamba magma imesogea chini ya mji na chini ya ziwa. Haikulipuka. Lakini agizo kama hilo likija tena, litiini hata kama mlima unaonekana umetulia.

Kurudi kunataka subira kuliko kuondoka. Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kusimama, kituo cha mafuta katikati ya mji kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta, wakafa makumi kwa mara moja. Mwaka 2021 wapo waliokufa wakivuka lava iliyokuwa nyeusi juu lakini bado moto na yenye gesi chini. Matetemeko yaliendelea siku nyingi na kupasua kuta huku na Gisenyi. Nyumba yenye ufa mpya msilale ndani. Mabomba ya maji yakikatika, kama yalivyokatika wakati ule, maji ya ziwani yawekewe dawa au yachemshwe kabla hata ya kusukutua mdomo, maana kipindupindu hakiko mbali na kambi yenye watu wengi.

Kuhusu Buhene, sitakuficha. Mmejenga kwenye njia ambayo lava imeshaionyesha. Siwezi kukwambia uhame kesho, najua bei za viwanja na najua vita vilivyojaza watu mji huu. Lakini bati linalofuata na mbao zinazofuata msiziongeze hapo. Wekeni akiba ya kiwanja kingine, hata kidogo, hata baada ya miaka. Na mkiangalia upande wa magharibi, Mugunga na Lac Vert, waulizeni kwanza wenyeji wa zamani mazuku iko wapi, kabla ya kuuliza bei.

Jumamosi hii, mchana, Baba Neema akiwa nyumbani, fanyeni safari yote: mdogo mgongoni, Baraka mkononi, Neema na kitenge chake, bibi kwenye chukudu, mfuko mmoja, mpaka Barieri Ndogo, kile kituo cha mpakani, na kurudi. Waambie watoto mnamtembeza bibi. Angalia saa mnapofunga mlango na mnapofika. Neema ndiye ashike simu ya kupima muda, na mkirudi aniandikie yeye mwenyewe zilikuwa dakika ngapi.

Shangazi